Kambini Hell's Gate, Baridi Hutoka Chini

Likizo ya shule inapokaribia, familia nyingi za Nairobi huwapakia watoto garini zikashika njia ya Naivasha. Safari yenyewe si ndefu, ni kama kilomita 90 tu. Isitoshe, Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache humu nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli huku akiwatazama pundamilia na twiga. Ukipenda, unapiga hema humo humo na kulala.

Matayarisho huwa mengi. Nyama ya kuchoma haisahauliki, wala soda, wala tochi. Lakini ukiuliza watu watalalia nini, utajibiwa: "Tumebeba blanketi za kutosha."

Hapo ndipo usiku unapoharibika. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai baridi ya alfajiri si mchezo. Sehemu kubwa ya baridi hiyo hutoka chini. Blanketi hutia joto kwa sababu ya hewa inayonaswa katika nyuzi zake. Ukililalia, uzito wa mwili huikamua hewa hiyo ikatoka, nayo ardhi ikaanza kukunyonya joto hadi kukuche. Ajabu ni kwamba ndani kabisa ya ardhi hiyo hiyo mna mvuke mkali, ambao tangu 1981 umekuwa ukizalisha umeme pale Olkaria. Lakini usitarajie joto hilo likufikie mgongoni!

Basi ununue nini? Wengi hukimbilia godoro la hewa, kwa kuwa ni laini na likitolewa hewa hukunjika likawa dogo. Tahadhari. Hewa iliyo ndani yake huzunguka, ikachukua joto la mwili wako na kulipeleka kwenye udongo. Usiku ukipoa, hewa hiyo hunywea na godoro likalegea. Tena ardhi ya Hell's Gate ina miiba ya migunga, na mawe meusi ya volkano yanayong'aa kama kioo na kukata kama wembe. Ukilichagua, usikose viraka na gundi, na ulitandikie kitu kizito chini.

Godoro la sponji halipasuki. Kwa kuwa mzigo unabebwa na gari wala si mgongo wako, huna haja ya kujinyima: chukua la inchi tatu au nne, mradi sponji iwe imara. Namna ya kulipima ni rahisi. Usilibonyeze kwa kidole kama anayenunua parachichi. Omba ruhusa, ulale juu yake kwa ubavu, dakika tano hivi. Bega au nyonga ikigusa sakafu, hilo halikufai, hata likiwa na kitambaa cha maua. Kabla ya kulipa, pima buti ya gari lako, kwani sponji hata ikikunjwa na kufungwa kamba hula nafasi.

Kuna pia mikeka myembamba ya sponji ngumu isiyonyonya maji. Bei yake ni nafuu, na huzuia baridi vizuri kuliko unavyodhani. Watoto wepesi huilalia bila taabu, na mtu mzima anaweza kuitandika chini ya godoro lake. Walio na pesa zaidi hununua magodoro yenye sponji ndani na kizibo cha kuingizia hewa, ambayo huunganisha ulaini na joto. Magodoro mengi ya kambi yana herufi R ikifuatwa na nambari. Nambari ikiwa kubwa, godoro huzuia baridi zaidi. Kwa Naivasha, tatu inatosha. Kwa Mlima Kenya, tafuta kubwa zaidi.

Na mkeka wetu wa ukindu kutoka Pwani? Usiuache nyumbani. Peke yake hauzuii baridi ya Bonde la Ufa, lakini ukitandikwa chini ya godoro hulikinga dhidi ya vumbi na unyevu, na mchana mtaukalia chini ya mti.

Pengine utasema haya ni mambo ya starehe tu. Sivyo. Mzazi anayeona mtoto akitetemeka saa tisa za usiku hushawishika kuingiza jiko la makaa hemani, au kuliweka ndani ya gari na kufunga vioo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Joto la usiku lazima liwe limepangwa tangu dukani.

Wahenga walisema mkeka mpya haulaliwi vema. Kwa hiyo wiki moja kabla ya safari, tandika magodoro yote kwenye sakafu ya saruji sebuleni, kila mtu alale palipo pake usiku kucha. Atakayeamka akilalamika mgongo, msikilizeni. Ni heri malalamiko hayo yatolewe nyumbani, ambako kitanda kiko hatua chache tu, kuliko Naivasha gizani.