Chumba cha Mwisho

Zamani, katika bandari ya Miami, Marekani, kuchelewa hakukuwa ujinga daima. Meli ya starehe ilipokaribia kung'oa nanga na vyumba vitupu, bei ilishuka. Mstaafu mwenye mkoba mwepesi na wasaa mwingi alipanda, akala meza moja na tajiri. Chumba kitupu ni bidhaa iozayo: meli ikiondoka, thamani yake imezama.

Machi 2020 maradhi ya Korona yalizifunga meli hizo bandarini. Baadhi zilikatwa vyuma chakavu huko Aliağa, Uturuki. Safari zilipofunguliwa watu walirudi kwa shauku: abiria wa dunia nzima, waliokuwa milioni 29.7 mwaka 2019, walifika milioni 34.6 mwaka 2024. Tamaa huzaliwa kwa siku, meli huundwa kwa miaka: Icon of the Seas ilianza kukatiwa chuma mwaka 2021, ikabeba wasafiri Januari 2024. Wenye meli nao wamejifunza kuuza mapema, na aghalabu bei hupanda kadiri safari ikaribiavyo.

Hivyo subira, iliyokuwa mali ya mnyonge, imekosa mnunuzi. Ajuaye pato lake la mwakani huchagua chumba leo. Asiyejua la kesho hubaki gatini akipunga mkono.