Yale Majani Niliyachemsha Mimi

Dada yangu aligombezwa zahanati mbele za watu kwa kuchelewa kumleta mtoto. Aliinamisha kichwa, hakunitaja. Muuguzi alipouliza, "Nyumbani mmempa nini?" nikawahi kujibu mimi: "Panadoli tu, dada." Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu, shati langu limelowa matapishi yake ya kijani.

Kulikucha siku ile dada akiwa ameshakwenda Kibirizi, hapa Kigoma, kwenye dagaa wake. Aliniachia mtoto na hela ya bodaboda, na neno moja: akizidi joto, mpeleke. Alizidi joto kabla ya saa nne. Sikumpeleka. Nilikwenda nyuma ya ua nikachuma majani ya mjonso, nikainjika sufuria. Bibi wa jirani akachungulia: "Hiyo unampa nani?" Nikamwambia yangu mwenyewe, tumbo linanisumbua. "Basi, kikombe cha kahawa, usipite hapo," akasema. Mtoto wa miaka minne nilimnywesha bilauri, na alasiri nikamwongeza nyingine, kwa sababu niliamini kwamba dawa kadiri inavyozidi uchungu ndivyo inavyozidi nguvu.

Mjonso ni jina la Watongwe, wenyeji wa Mahale kule kusini. Warundi huuita umubirizi, Waganda mululuza, na vitabu vya mimea huuandika Vernonia amygdalina. Kwetu hakuna anayehangaika kuupanda. Unajiotea penye ua na kwenye mashamba yaliyolala. Ukitafuna jani lake asubuhi, hata chai ya saa nne hutaifurahia. Kila mtaa una mtu atakayekuapia kwamba unatibu tumbo, minyoo na homa.

Lakini kiburi changu hakikutoka mtaani. Kilitoka kwenye kisa cha sokwe, ambacho nilikuwa nikiwasimulia wageni barazani kama vile nilikuwapo. Novemba 1987, huko Mahale, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua miti ya dawa ya kwao, walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, hana hamu ya kula. Akaenda kwenye mjonso, akavunja tawi, akatafuna. Kalunde akamweleza mwenzake kwamba hata watu wa kwao huutumia kwa dawa. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa na nafuu.

Mimi nilikuwa nikisema alikula majani. Hakula majani. Aliyatupa, akalibandua tawi ganda lake, akatafuna kiini peke yake, akafyonza maji na kutema nyuzi. Majani na magome ndiyo yenye vernodalini nyingi, kemikali yenye sumu. Kwenye kiini ni kidogo mno. Sokwe alijua cha kuacha. Mimi nilichemsha alichokiacha, nikakausha maji hadi nusu.

Tena ushahidi mzito wa Mahale ni wa minyoo. Sokwe mmoja aliyetafuna mjonso alipimwa kinyesi, na mayai ya minyoo yakashuka kutoka 130 hadi 15 kwa gramu katika muda wa saa 20. Mpwa wangu hakuwa na minyoo. Alikuwa na malaria, na kulijua hilo kulihitaji tone moja la damu kidoleni na dakika chache za kusubiri. Si kwamba hatukuwa na sababu ya kushuku: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliukuta mkoa wetu ukiongoza nchi nzima, karibu mtoto mmoja kati ya wanne wenye umri wa chini ya miaka mitano akiwa na vimelea.

Kilichoniumiza ni ule uongo wa benchini. Mtoto mwenye malaria akitapika kila anachopewa, wahudumu huhesabu hiyo kuwa dalili ya hatari. Wakamwandikia rufaa, akatundikiwa dripu, akachomwa sindano, dada akakesha naye wodini. Kama kutapika kule kulikuwa kwa malaria au kwa bilauri zangu, nani angejua? Mwenye jibu alikuwa amekaa kimya, amemshikilia mtoto. Alipona, alhamdulillahi, na sasa anacheza mpira uani, hatua chache tu kutoka kwenye mti wenyewe.

Sijaukata. Nigeria huyapika majani haya supu, na Kamerun huyatengenezea ndolé, lakini kwanza huyafikicha na kuyaosha tena na tena mpaka uchungu ulegee. Nami nikajaribu: nikafikicha kwa chumvi, nikamwaga maji hadi yakaacha povu, nikachemsha, nikamwaga tena, kisha nikaunga kwa mawese na dagaa wa Kibirizi. Kwa ugali wa muhogo, nasema kweli, inakaribia sombe, yaani kisamvu, ila ina kauchungu kanakobaki nyuma ya ulimi.

Dada alikula akasifu, akauliza ni mboga gani. Nikamwonyesha mti. Akacheka kwamba hakujua unaliwa. Hapo ndipo ningemwambia yaliyobaki, lakini mtoto alikuwa ameketi kati yetu mkekani, nikasogeza bakuli. Dada, utakapoyasoma haya, njoo unigombeze.