Antena Humfuata Msikilizaji

Nyumbani kwetu Temeke redio haikukamilika bila waya. Baba aliufunga dirishani, akauvuta hadi kwenye mwembe, na jioni tuliisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye mawimbi ya kati. Upepo ukiukata waya, nyumba nzima ilikosa taarifa ya habari.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa vituo binafsi. Mwaka 1994 Radio One ikaanza, na FM ikatuzoesha mambo mengine. Wimbi lake ni fupi, mita 3 tu kwenye megahezi 100, hivyo kijiti cha redio kilitosha. Waya wa baba ukabaki mwembeni ukiota kutu.

Miaka ikapita, nikawa fundi mitambo wa kituo kidogo Mbagala. Antena yetu ya kwanza ilikuwa bomba la alumini la kama mita moja na nusu, lililokatwa katikati na kulazwa juu ya paa. Majirani walitusikia vizuri. Siku moja dereva wa daladala akanisimamisha: "Fundi, tukifika kwa Aziz Ally mnapotea."

Wenzangu wakataka tuongeze wati. Nikakataa, kwanza kwa sababu leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) huweka kikomo cha nguvu, pili kwa sababu kasoro haikuwa hapo. Antena ya gari husimama, yetu ililala, hivyo hazikupatana. Tena FM husafiri kama jicho linavyotazama: kutoka mita 9 upeo wake ni kilomita 12 hivi, na kutoka mita 30 unafika 22.

Tukasimamisha mlingoti wa mita 30 na antena mbili wima, moja juu ya nyingine. Kwa kuwa kebo ilirefuka, tulinunua nene, isije ikala nguvu njiani. Viungo tukaviziba vizuri, maana awali maji ya mvua yaliingia, nguvu ikarudi mtamboni na transista zikaungua. Daladala zikatusikia hadi Kariakoo.

Leo wengi husikiliza kwa simu, na waya wa spika za masikioni ndio antena yao. Unaning'inia huku na huko, ndiyo maana vituo vingi huchagua antena inayorusha wimbi la wima na la mlalo kwa pamoja.

Kijana unayeanzisha kituo, baada ya kupata leseni, uliza kwanza msikilizaji wako yuko wapi na ameshika nini. Kisha weka fedha kwenye mlingoti, antena na kebo. Wati zije mwisho.