Wabhaca na Lugha Isiyohesabiwa

Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 iliorodhesha lugha rasmi 11. Lugha ya Ishara ikaongezwa mwaka 2023. Kibhaca hakimo. Aghalabu huhesabiwa kuwa lahaja ya Kixhosa, ingawa matamshi yake yanaelekea Kiswati. Je, simulizi za Madzikane, aliyewaongoza Wabhaca kuelekea kusini zama za vita vya Shaka, na za mwanawe Ncapayi, aliyeuawa 1845 katika vita dhidi ya Wampondo wa Faku, ni fasihi ya nani? Huko KwaBhaca (zamani Mount Frere), mtoto aliyezisikia kwa bibi yake hana budi kuzitafsiri ndipo aziandike katika insha ya shule. Na mwalimu, yamkini Mbhaca mwenziwe, humsahihisha.