Daftari la Etheridge

Sisi tunaoota kuwa waandishi tunapenda sana maneno ya kupambapamba. Mimi mwalimu wangu siku hizi ni mzee ambaye hakuwa mtunzi kabisa. Kazi yake ilikuwa kuokoa watu baharini.

Richard Etheridge alizaliwa mtumwa mwaka 1842, pwani ya North Carolina, Marekani. Huko sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma, lakini yeye alijua kusoma na kuandika. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipopamba moto, akaingia jeshini, akafika cheo cha sajini. Mwaka 1865, akiwa bado na magwanda, yeye na mwenzake waliwaandikia wakubwa barua: askari Wazungu wanawaibia jamaa zetu kuku na mazao. Kalamu kwake ilikuwa silaha tangu zamani.

Januari 1880 akapewa ukuu wa kituo cha uokoaji cha Pea Island. Mkuu aliyemtangulia, Mzungu, alifukuzwa kwa uzembe baada ya watu kufa maji. Wazungu hawakutaka kuamriwa na mweusi, wakaondoka. Kikosi kikawa cha weusi watupu. Mwezi Mei kituo kikateketea, na moto wenyewe haukuwa wa bahati mbaya. Etheridge hakukimbia. Mazoezi yakaendelea, doria ya usiku ufukoni ikaendelea, na kila siku ya Mungu akajaza daftari la kituo: upepo, bahari, vyombo vilivyopita, nani yuko zamu.

Oktoba 11, 1896, katikati ya tufani, merikebu E. S. Newman ilikwama karibu na ufuko. Ndani walikuwemo watu tisa, pamoja na mke wa nahodha na mtoto wao mdogo. Mashua haishuki. Mzinga wa kurushia kamba hauna pa kusimikwa, maana ufuko wote umefunikwa na maji. Basi Etheridge akaamuru wawili wafungwe kamba nene, waogelee mpaka merikebuni, wenzao washike ncha ya pili. Mtoto akatolewa wa kwanza. Wakaenda na kurudi kwa kupokezana, wawili wawili, mpaka wote tisa wakatoka hai. Si mchezo!

Medali je? Hawakupewa. Etheridge akafariki mwaka 1900 akiwa bado mkuu, na kituo kikafungwa mwaka 1947. Lakini maandishi yake yalibaki. Watafiti wakayafukua, msichana wa shule wa miaka 14 akawaandikia wanasiasa barua, na mwaka 1996, baada ya miaka 100, kikosi kile kikapewa medali ya dhahabu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa hai kuipokea.

Hapo ndipo ninapoumia. Pale Feri, Dar es Salaam, kaa na wavuvi nusu saa tu, utasikia nani alimvuta nani majini, mwaka gani, upepo gani. Wakifa wazee wale, habari yote imezikwa nao. Na sisi vijana wa kidato cha nne, wenye kalamu, tunahangaika kutunga majambazi wa New York!

Riwaya yangu nitaiandika, inshallah. Lakini kwanza nimenunua daftari la shilingi chache. Nikienda Feri naandika tarehe, upepo, jina la mtu na jina la mashua yake. Mapambo yatasubiri.