Swali Ulilolificha

Tanga, Jumapili

Mpwa wangu mpendwa,

Uhakiki wako wa *A Wizard of Earthsea*, ule unaotaka utoke kwenye gazeti la shule, nimeusoma mara mbili. Lugha yako imenyooka. Ila umesifu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, halafu swali lenye uzito kuliko yote ukaniandikia mimi pembeni: "Mjomba, mbona shule ya Roke haina msichana hata mmoja?" Swali hilo lirudishe ndani ya uhakiki. Ndilo lililonikalisha nikuandikie.

Kwanza kitabu kipate haki yake. Ursula K. Le Guin alikitoa mwaka 1968, miaka 29 kabla ya kitabu cha kwanza cha Harry Potter, na tayari humo mna mvulana mwenye kipaji anayekwenda kusomea uchawi katika shule hiyo ya Roke. Wewe umesema hadithi inasisimua. Sawa, lakini msomaji wako anataka kujua inasisimua kwa lipi. Mwonyeshe Ged, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, anavyotaka kumkomesha mwanafunzi mwenzake, Jasper, kwa majivuno; anaita roho ya mfu, na pamoja nayo kinatoka kivuli kinachomrarua uso. Mkuu wa shule anakufa kwa kuziba ufa kilipopitia kivuli hicho. Uchawi wa Le Guin una gharama, na anayelipa si mkosaji peke yake. Kisha mpeleke kwenye mwisho, bila kumfichulia yote. Hakuna majeshi wala mfalme mwovu wa kuangushwa. Kijana anageuka kumsaka aliyekuwa akimsaka, na akimfikia anajitambua. Vitabu vingi vya vijana huuweka uovu wote upande wa pili. Hiki kimekataa, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Ipo sifa nyingine umeipita bila kuigusa. Ged ana rangi ya wekundu wa kahawia, rafiki yake Vetch ni mweusi, na wavamizi wa Kargad ndio weupe. Kwa kitabu cha vijana cha Marekani mwaka 1968, hilo halikuwa jambo dogo. Mwandishi hakulipigia debe, alilitaja tu kama linavyotajwa jambo la kawaida. Hata hivyo majalada kadhaa yalimchora Ged mweupe, na tamthilia ya televisheni ya mwaka 2004 ikampa mzungu nafasi yake. Le Guin alilalamika hadharani kwa maandishi.

Sasa dosari. Hapa "sikupenda" haitoshi, leta ushahidi. Wapange wanawake wenye uzito katika hadithi. Yupo shangazi yake Ged, mchawi wa kijijini mwenye elimu ya kuokoteza. Yupo Serret, mrembo anayemtega kwa Jiwe la Terrenon. Yupo Yarrow, dada yake Vetch, binti mwerevu mwenye maswali mazuri. Wanaume wanapotweka tanga, yeye anabaki nyumbani. Zaidi ya hayo, msimulizi anataja msemo wa Gont unaoudharau uchawi wa wanawake, na hakuna anayeupinga. Mwandishi aliyevunja mazoea ya rangi, naye mwanamke, aliyapokea mazoea ya jinsia jinsi alivyoyakuta. Andika sentensi hiyo kwa maneno yako, kwani uhakiki wako wote utaizunguka.

Usidhani kusema hivyo ni kumvunjia heshima. Mwenyewe alirudi palepale. Mwaka 1990 alitoa *Tehanu*, ambamo Ged ameishiwa nguvu zake na hadithi inabebwa na Tenar, mjane wa mkulima, akimlea mtoto wa kike aliyeunguzwa moto. Hakukifuta kitabu cha kwanza, alikijibu kwa kitabu kingine. Ikiwa yeye aliliona pengo hilo, wewe unamwogopea nani?

Lakini tenganisha dosari na ladha yako. Uliniambia kwenye simu kwamba sura za katikati zilikuchosha, kisiwa baada ya kisiwa, mazungumzo machache, msimulizi yuko mbali. Huo umbali ni wa makusudi: anasimulia kama watu wanaokumbuka shujaa wa kale. Ukitaka kuulaumu, onyesha umbali huo umekipotezea kitabu nini. Kwa mfano, Jasper aliyeuchochea mkasa wote anaondoka shuleni bila fimbo ya uchawi, na hatumwoni tena wala hatujui moyoni mwake mlikuwa na nini. Hiyo ni hasara unayoweza kuitetea mbele ya mwalimu.

Basi upange upya. Punguza sifa zibaki mbili, kila moja na tukio lake. Weka swali lako katikati, si mwishoni kama mtu anayeomba radhi. Wakikuuliza kama unawashauri wenzako wakisome, jibu ndiyo bila kusita, na wasichana uwaambie wakifika mwisho waitafute *Tehanu*. Wenye kusema kitabu hakina kasoro hawatamsaidia msomaji kuchagua, na wenye kukitupa kwa kasoro moja watamkosesha Ged.

Nitumie rasimu mpya kabla hujaikabidhi. Msalimie mama yako, na umwambie zile nazi nimezituma kwa basi la Ijumaa.

Mjomba wako