Chupa Moja Juu ya Balili

Nimezaliwa pwani, kwenye tambarare. Mwaka jana nilikwenda Mkoa wa Mara kuwazuru jamaa, nikafuatana na mjukuu wangu, mwanafunzi wangu wa chuoni. Tulipita Butiama, penye kaburi la Mwalimu Nyerere. Mtoto aliposikia kuwa Mwalimu alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, kilometa zipatazo 40 kutoka kwao, hakutaka tena habari ya gari. Tulipofika Bunda akaniomba tupande mlima Balili. Nikaona haya kukataa.

Njia yenyewe ni mapito ya mbuzi: mawe, miiba, majani makavu yatelezayo. Tulifika juu adhuhuri imekwisha ingia. Subhanallah! Huku Ziwa Viktoria, kule nyika za Serengeti. Maji yamebaki nusu chupa. Nikaifungua nitawadhe. Mtoto akayatazama yale maji, midomo imemkauka.

“Babu, si ulitusomesha kuwa mwenye kuhofia kiu hutayamamu?”

Miaka arobaini nimelisomesha somo hilo, birika limejaa ubavuni! Nikampa chupa. Nikataka kupiga viganja jabalini, nikakumbuka kuwa kwetu Mashafii lazima liwepo vumbi, na jabali lile lilikuwa safi kama sinia. Tukashuka hadi penye udongo mkavu, tukatayamamu, tukaswali rakaa mbili za msafiri, yeye kuliani kwangu.

Njiani nikamwomba chupa. Alikuwa amenibakishia mafundo mawili.